MTANGAZAJI ATOKE AU ABAKI, HUU UKIMYA NDIO AIBU

Wiki hii mjini stori ni moja tu: nani anatoka na nani anaingia kwenye kile kipindi cha maongezi cha usiku. Kambi moja inasema mtangazaji kazinguana na mabosi kisa mkataba. Nyingine inaapa kiti chake kashapewa dada mmoja mwenye wafuasi kibao Instagram. Kituo kimya. Mtangazaji mwenyewe kaposti emoji ya saa, basi.

Wapo wanaosema hii ni kiki tamu. Tamu kwa nani? Yule dada anatukanwa usiku na mchana kwa kazi ambayo hakuna aliyethibitisha kwamba kapewa. Na nyuma ya kamera kuna watu wa sauti, wa taa, wa mekapu, mwandaaji wa maswali, dogo wa kupokea wageni getini. Kwa anayelipwa kwa siku ya kurekodi, tetesi kama hii ni kodi ya nyumba inayoning'inia. Ila hao nani anawaanzishia hashtag?

Kubadilisha sura kwenye TV si dhambi. Hata Marekani yalitokea. Mwaka 2004 NBC ilitangaza mapema kabisa kwamba Conan O'Brien angemrithi Jay Leno kwenye The Tonight Show mwaka 2009. Akapokea kijiti Juni 2009. Kufika Januari 2010, mabosi wakataka Leno arudi saa 5:35 usiku, na Conan asogezwe hadi saa 6:05. Jamaa hakuposti mafumbo. Aliandika barua ya wazi, akasema hataki na kwa nini hataki. Alipoondoka, malipo ya kuvunja mkataba hayakuishia mfukoni kwake. Wafanyakazi wake nao walipata fungu lao.

Hapo ndipo pa kupimia wakubwa. Mabosi wa hapa wanaacha uvumi uwafanyie matangazo ya bure, huku binti wa watu anaoga matusi na vijana wa kamera hawajui kama wiki ijayo kuna kazi.

Kama mtangazaji anaondoka, kituo kiseme, kimpe usiku wake wa kuaga, na timu ijue hatima yake kabla ya mtaa. Kama haondoki, sentensi moja tu ingetosha kuzima moto wote huu. Kushindwa kuandika sentensi moja ni kuamua nani aungue.