Dereva Huchokeshwa

Uchovu sugu wa dereva wa masafa marefu hutokana na namna kazi yake inavyopangwa na inavyolipwa. Imani iliyoenea barabarani, kwa matajiri wenye malori na hata kwa madereva wenyewe, inashikilia kinyume chake: kwamba dereva mzoefu hachoki, kwamba anayesinzia ni mvivu au mlevi, na kwamba dawa ya uchovu ni miraa njiani na nyama choma akishafika. Imani hiyo ni ya uongo, na ni uongo unaoua.

Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo katika mitaa ya Eastlands, ni mahali pazuri pa kuipima. Burma inajulikana Nairobi nzima kwa nyama. Wateja hufuata matumbo, mbavu na mutura. Wachache hujiuliza mnyama alifikaje. Ng'ombe na mbuzi wengi wanaolisha jiji hutoka kaskazini, kutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na Garissa, wakisafirishwa kwa malori hadi machinjioni kama Njiru, Dagoretti na Kiamaiko. Lori hilohilo lililoshusha mifugo hupakia unga, sukari na bidhaa za maduka na kurudi kaskazini. Katikati ya safari hizo mbili dereva hupata saa chache za kukaa chini, na sahani ya nyama katika soko kama Burma ndiyo huhesabiwa kuwa mapumziko yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu sugu wa kazini katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likaweka wazi kwamba wenyewe si ugonjwa: ni hali itokanayo na shinikizo la muda mrefu kazini lisilodhibitiwa. Ina sura tatu, nazo ni kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba juhudi hazizai tena kitu. Dereva aliyefika hapo hutambulika kwa urahisi. Hamsalimu utingo wake, hukagua magurudumu kwa jicho moja au hayakagui kabisa, hugombana kwenye mizani kwa jambo dogo, na akifika nyumbani hulala bila kuzungumza na mke wala watoto. Jirani husema kiburi kimemwingia, na tajiri husema amezeeka mapema. Maelezo hayo yote mawili yanatafuta sababu ndani ya mtu na kuipita kazi iliyomfikisha hapo.

Hesabu ya barabara inatosha kuonyesha sababu ilipo. Kutoka Moyale hadi Nairobi ni karibu kilomita 780. Lori zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata lisiposimama popote, lisipopanda mlima, lisipokutana na kizuizi cha polisi, safari inadai karibu saa kumi za usukani. Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2012, inaweka kikomo cha saa nane za kuendesha gari la biashara ndani ya kila saa 24. Dereva mmoja anayetakiwa kufikisha mzigo huo kwa mkupuo mmoja amekwisha kuvunjishwa sheria kabla hajawasha injini. Mombasa hadi Malaba, zaidi ya kilomita 900, hesabu ni mbaya zaidi, na huko kuna foleni ya mpakani ambayo haihesabiwi kuwa kuendesha ingawa hakuna anayeweza kulala akisogeza trela hatua kwa hatua. Mwaka 2020, wakati wa upimaji wa korona, foleni ya Malaba ilienea kwa makumi ya kilomita na madereva wakakaa humo kwa siku nyingi. Juu ya uchovu huo wakatupiwa lawama ya kueneza maradhi.

Mifugo huongeza shinikizo lake. Kontena likichelewa hubaki kontena, ila ng'ombe aliyesimama kutwa bila maji hupungua uzito, na akilala sakafuni hukanyagwa na wenzake. Ndiyo maana utingo hupanda juu ya lori kumwinua kila anapoanguka. Kila saa ya ziada ni hasara ya mwenye mzigo, naye humpigia simu dereva. Jua la kaskazini husukuma safari kuingia usiku, na uchinjaji wa alfajiri hulazimisha kufika kabla ya mapambazuko. Matokeo yake lori huwa barabarani kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, kipindi ambacho mwili wa binadamu huvutwa na usingizi kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote.

Hapo ndipo miraa na muguka huingia. Kemikali yake kuu, kathinoni, huamsha ubongo na kuuficha usingizi, lakini haitoi hata dakika moja ya usingizi uliokosekana. Deni hubaki palepale, na stimu ikikatika hudai lote kwa pamoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na uwezo kama aliyekunywa pombe na kufikisha asilimia 0.05 katika damu, na saa 24 humfikisha kama kwenye asilimia 0.10. Polisi ana kifaa cha kupimia pombe, ila hana cha kupimia usingizi. Jicho likifumba kwa sekunde 3 katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori hukata karibu mita 67 bila dereva.

Nguzo kubwa ya imani inayopingwa hapa ni ile ya mazoea. Husemwa kwamba dereva wa miaka ishirini amezoea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilijaribu jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Watu waliolala saa sita kila usiku kwa wiki mbili waliendelea kudhoofika siku baada ya siku, lakini wao wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Kinachozoeleka basi ni kutojitambua. Dereva anayeapa kwamba yuko sawa anaweza kuwa anasema kweli jinsi anavyojihisi, na bado akawa hatari kwake na kwa kila anayekutana naye. Uzoefu humfundisha kona za Marsabit na tabia ya breki. Haumfundishi kuishi bila kulala.

Nyama ya Burma nayo haina kosa, na dereva anastahili kuila kwa raha zake. Kosa ni la anayeihesabu kuwa tiba. Mlo mzito wa mchana, chupa mbili, na usingizi wa kubahatisha ndani ya kabini iliyojaa kelele za matatu haviondoi wiki sita za saa nne nne za kulala. Vivyo hivyo nasaha za kumtaka dereva awe na moyo mkuu, asali, apange bajeti. Zina heri yake, lakini zinamwachia yeye mzigo ambao hakuupakia.

Yapo machache anayoweza kufanya mwenyewe, na yafanywe. Usingizi wa dakika 20 kando ya barabara, gari likiwa limezimwa mahali salama, humrudishia umakini kwa muda kuliko kushusha kioo au kufungulia redio. Kahawa hufaa ikinywewa kabla ya usingizi huo mfupi, kwa kuwa huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Maji na matembezi mafupi kila kituo husaidia mgongo na miguu. Hata hivyo, dakika 20 zinahitaji tajiri asiyepiga simu kuuliza kwa nini gari limesimama, na siku hizi vifaa vya kufuatilia magari humwonyesha kila kituo.

Malipo kwa safari ndiyo yanayoshikilia mfumo wote. Anayelipwa kwa idadi ya safari hupunjika kila anapolala, kwa hiyo kumwambia apumzike ni kumwambia apunguze ada ya shule ya mtoto. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2006 kuhusu saa za madereva, ulikataza malipo yanayofuata umbali au wingi wa mzigo pale yanapohatarisha usalama barabarani, na ukaagiza mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani. Kenya ina kikomo cha saa nane kwenye vitabu. Bado inahitaji mshahara wa mwezi unaokifanya kikomo hicho kiwezekane, na ukaguzi wa rekodi za mwendo ndani ya ofisi za wenye malori, mahali ratiba zinapopangwa, badala ya kumkamata dereva Mtito Andei au Salgaa akiwa tayari na macho mekundu.

Afya ya dereva pia imetazamwa kwa jicho jembamba. Kwa miaka mingi alifikiwa hasa kwa ajili ya ukimwi, na kazi hiyo iliokoa watu: vituo vya North Star Alliance, shirika lililoanzishwa mwaka 2006, vilifunguliwa ndani ya makontena kwenye maegesho kama Mlolongo, saa ambazo dereva yupo. Vituo vya namna hiyo ndivyo vinavyofaa kuuliza amelala saa ngapi wiki hii, kupima shinikizo la damu, na kumpa cheti cha mapumziko ambacho tajiri analazimika kukiheshimu.

Kwa barabara ya kaskazini suluhisho la karibu ni kupokezana Isiolo. Mji huo uko kama kilomita 500 kutoka Moyale na chini ya 300 kutoka Nairobi. Dereva wa kwanza angeishia hapo ndani ya saa zake nane na kulala kitandani, na wa pili, aliyelala usiku kucha, angeliingiza lori Nairobi bila ng'ombe kusubiri. Gharama yake ni mshahara wa pili, na ipo leo pia. Kwa sasa inalipwa na dereva kwa mwili wake, pamoja na wale wanaokutana na lori lake alfajiri. Ingehamia kwa mwenye lori na mwenye mifugo, na sehemu yake ingeonekana kwenye bei ya kilo pale Burma.