Alama Iliyonunuliwa Haiponyi Mgonjwa



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mji wetu wa Bunia hubadilika kwa siku mbili au tatu. Washindi hupakwa unga mweupe kichwani na usoni, pikipiki hupita zikipiga honi kutoka Mudzipela hadi Nyakasanza, na akina mama hupiga vigelegele mbele ya nyumba. Wiki chache baadaye vijana huanza kuja kwangu, mmoja mmoja, jioni baada ya mafundisho. Wengi wana ombi moja: “Mwalimu, ninataka kujiandikisha katika udaktari. Uniombee kwa ajili ya mtihani wa kuingia.” Wengine huja na kalamu zao ili Padri azibariki.

Ninawaombea, wala sioni haya kufanya hivyo. Lakini tangu miaka kadhaa ninawauliza kwanza swali lisilopendeza: “Alama zilizoandikwa katika diploma yako, ni zako kweli?” Wapo wanaojibu bila kusita. Wapo wanaotazama chini.

Maoni yangu ni haya. Vijana wetu wengi hawashindwi mtihani wa udaktari siku ile wanapoketi kuuandika. Wameshindwa tayari katika chumba cha Mtihani wa Serikali, siku wazazi, walimu na wanafunzi walipokubaliana kwamba majibu yanunuliwe. Na katika kosa hilo, sisi watu wazima ndio wa kwanza kulaumiwa.

Sisemi hivyo kama mtu aliyesimama pembeni. Mwana wangu wa kwanza alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, wazazi wa darasa lake tuliitwa shuleni. Tuliambiwa kila mmoja atoe kiasi fulani cha dola, “ili watoto wasipate shida katika kituo.” Hakuna aliyeuliza ni shida gani. Mimi ni mwalimu kwa taaluma, na nilikuwa nimefundisha amri za Mungu kwa miaka mingi, nilitoa. Katika chumba cha mtihani majibu yalisomwa kwa sauti ya chini, na watoto wakaandika. Mwanangu alipata asilimia 71. Tulimpaka unga. Miezi michache baadaye aliketi mbele ya mtihani wa kuingia katika kitivo cha udaktari, peke yake, bila mtu wa kumnong’oneza. Jina lake halikuonekana katika orodha. Aliporudi nyumbani hakulia. Aliniuliza tu: “Baba, kwa nini ulilipa? Ulidhani sitaweza?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Alikuwa mwanafunzi wa wastani mwenye bidii. Pengine angepata asilimia 58 kwa jasho lake, pengine zaidi, pengine pungufu. Hatutajua kamwe. Fedha yangu ilimnyima hata nafasi ya kuijua nguvu yake mwenyewe na kujirekebisha mapema.

Inafaa tuelewe jinsi milango hii inavyofuatana. Katika nchi yetu Mtihani wa Serikali hufaulu anayepata angalau asilimia 50, na diploma hiyo ndiyo ufunguo wa chuo kikuu chochote. Lakini kwa udaktari ufunguo huo mara nyingi hautoshi. Hatuna mtihani mmoja wa taifa zima wa kuingia udaktari. Kila chuo hupanga masharti yake. Vipo vinavyodai asilimia ya juu zaidi, vinavyopendelea waliosoma kemia na biolojia, na vinavyoandaa mtihani wao wenyewe juu ya biolojia, kemia, fizikia, hesabu na Kifaransa. Kwa majirani zetu mambo ni tofauti. Nchini Kenya alama za mtihani wa mwisho wa sekondari ndizo zinazoamua nani apelekwe katika udaktari, na nchini Tanzania hutazamwa hasa alama za fizikia, kemia na biolojia za kidato cha sita. Kwa hiyo anayeandika mtihani wa kuingia hapa kwetu anapimwa mara mbili. Wengi hulalamika juu ya kipimo hicho cha pili. Mimi naona ni baraka kwa kijana maskini na mkweli, ikiwa tu chuo kitakisimamia kwa haki.

Kwa nini nasema hivyo? Chukueni mfano mmoja. Mwanafunzi aliyekariri ataweza kuandika maana ya osmosi neno kwa neno, kwa Kifaransa kizuri. Lakini mtihani humwuliza: “Chembe nyekundu ya damu ikiwekwa katika maji matupu, kutatokea nini?” Hapo daftari lake halina jibu. Yule aliyeelewa hukumbuka maharagi ambayo mama yake huloweka jioni: asubuhi yamevimba, kwa sababu maji yameingia ndani. Hukumbuka pia samaki wa chumvi wanaotoka Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert: chumvi imevuta maji nje, nyama imekauka na kukaza. Hujibu bila woga kwamba chembe ile itavimba na kupasuka.

Msidhani hilo ni swali la darasani tu. Ndiyo sababu chupa ya seramu inayotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa haina maji matupu. Ile ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, ili chembe za damu zisivimbe wala zisinyauke. Mtu akimwingizia mgonjwa maji matupu katika mshipa, chembe zake zitapasuka ndani ya mwili. Kijana aliyenunua jibu la osmosi atakapokuwa zamu usiku, katika kituo cha afya kilicho mbali na mji, hakutakuwa na mtu wa kumsomea jibu kwa sauti ya chini.

Hesabu nayo ni vivyo hivyo. Mtoto wa kilo 12 ana homa, na dawa ya parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo: hiyo ni miligramu 180. Ikiwa shira ina miligramu 120 katika kila mililita 5, mtoto atapewa mililita 7,5. Hesabu hii ni ya shule, haihitaji mashine. Lakini ukikosea mahali pa koma ukaandika 75, umempa mtoto dawa mara kumi ya kipimo chake, kiasi kinachoweza kuharibu ini. Mtihani wa kuingia unapowauliza hesabu za namna hii, hauwatesi. Unawalinda watoto ambao bado hawajazaliwa.

Sisi wa Ituri tuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, nao ukafika katika jimbo letu. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wengi wenu mlikuwa watoto, lakini mnakumbuka ndoo za kunawia mikono na hofu ya kusalimiana. Mnakumbuka pia mashaka: watu waliowakimbia waganga, waliodai kwamba ugonjwa ni biashara. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mzaliwa wa Kameruni, aliuawa kwa risasi mjini Butembo, katika kliniki za chuo kikuu, mahali ambapo vijana kama ninyi hujifunza udaktari. Mashaka hayo yalikuwa na mizizi mingi, na vita ni mmojawapo. Sisemi kwamba yalitokana na diploma za uongo. Ninasema hivi: pale ambapo watu wameteseka hata wakaacha kuaminiana, daktari hana mali kubwa kuliko kuaminika. Atawezaje kuaminika ikiwa hatua yake ya kwanza ilikuwa udanganyifu? Katika mafundisho tunaijua amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo. Diploma isiyo ya kweli ni ushuhuda wa uongo wenye muhuri.

Najua mtakavyonijibu, kwa maana nimesikia jibu hilo mara nyingi: “Mwalimu, kila mtu anafanya. Nikikataa, nitapata asilimia 55 zangu za kweli, na chuo kitaniambia kinataka 60. Mwenzangu wa alama za kununua ndiye atakayeingia.” Neno hili lina uzito, nami sitalifunika kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba mkweli anaweza kufungiwa mlango na asilimia ya mwongo. Ni dhuluma. Ndiyo maana ninawaomba wanaosimamia vyuo vyetu wautegemee mtihani wao wenyewe kuliko asilimia ya diploma; waandike namba badala ya majina juu ya karatasi za majibu; watangaze alama za wote hadharani, pamoja na za watoto wa wakubwa. Chuo kinachodai asilimia ya juu bila kuuliza ilipatikanaje kinawatia wazazi moyo wa kununua.

Lakini hata kabla ya hayo kutimia, kuna jambo lililo mikononi mwenu. Mwanafunzi mmoja hawezi kukataa peke yake katika chumba cha mtihani. Atachekwa, na pengine atatishwa. Wanafunzi kumi na wawili wa parokia moja wanaweza. Wakubaliane mapema, tangu mwaka wa tatu wa humanite, kwamba hawatatoa fedha wala kupokea majibu, na wawaambie wazazi wao mbele ya Padri Paroko. Kisha fedha ile ambayo ingelipwa kituoni inunue taa ya jua, vitabu viwili vya kemia, na nauli ya mwanafunzi wa chuo atakayekuja kuwafundisha Jumamosi. Nimeona darasa likitozwa fedha zinazotosha mambo hayo yote na kubaki chenji.

Mkikutana, msikariri pamoja. Mmoja asimame aeleze somo bila daftari, kwanza kwa Kiswahili, kama anavyomweleza nyanya yake, kisha kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kifaransa. Asiyeweza kulieleza kwa lugha ya nyumbani hajalielewa. Jipimeni kwa maswali ya zamani mkiwa na saa mbele yenu. Yule aliyesoma ualimu au biashara asikate tamaa, ila ajue kwamba ana deni la kemia na alilipe mapema. Na yule ambaye familia yake ilikimbia Djugu akapoteza mwaka mmoja au miwili ya masomo asiachwe nyuma kwa haya. Aketi karibu na taa.

Kuhusu kujiandikisha, nendeni wenyewe kwenye ofisi ya chuo, au mtumeni mtu mnayemwamini. Ulizeni sehemu za masomo zinazokubaliwa, asilimia inayotakiwa, tarehe ya mwisho, masomo yatakayopimwa, na karatasi zinazohitajika. Wekeni tayari nakala za diploma, ripoti za shule za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa na picha. Lipeni mahali chuo kinapoelekeza, na mdai risiti. Anayewaambia kwamba anamjua mtu ndani na kwamba kwa dola kadhaa jina litaonekana, mwogopeni. Ni yule yule wa kituoni, amebadilisha koti tu.

Na ikiwa, baada ya hayo yote, jina halimo? Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alianza na masomo ya uhandisi Kinshasa kabla ya kwenda Burundi kusoma udaktari, akamaliza mwaka 1983. Njia yake haikunyooka. Wapo pia wauguzi, wakunga na wataalamu wa maabara wanaosomea katika ISTM ya hapa Bunia. Hao si madaktari walioshindwa. Akina mama wengi wa vijiji vyetu hujifungua mikononi mwa mkunga, na siku hiyo hawaulizi kama alitamani kuwa kitu kingine.

Mwanangu alikaa mwaka mmoja nyumbani, akasoma upya kemia tangu mwanzo kwa daftari la mdogo wake. Kisha akaingia uuguzi, na leo anafanya kazi hiyo. Mara moja moja hunisimulia juu ya zamu zake za usiku. Kuhusu zile asilimia 71 hatujazungumza tena. Diploma ile iko ndani ya sanduku, na hajawahi kuitundika ukutani.

Kwa hiyo leteni kalamu zenu, zitabarikiwa. Lakini ninyi wa mwaka wa tatu, njooni kwanza Jumamosi hii baada ya Misa ya asubuhi, pamoja na madaftari yenu ya kemia na mzazi mmoja kila mtu. Nitaanza mimi kuwaeleza wazazi hao kile nilicholipa na kile nilichopoteza.