Mkono Huweza Kujifunza Akili Inaposahau

Mzee anapoulizwa kliniki leo ni siku gani, akashindwa kujibu, aghalabu hukumu hupitishwa papo hapo: huyu hafundishiki tena. Jamaa hushauriwa wamvishe, wamlishe na wamwogeshe. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini huweza kumpokonya mgonjwa uwezo ambao bado anao.

Mwaka 1953, Henry Molaison wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa ubongo kwa sababu ya kifafa. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kufuatisha umbo la nyota kwa penseli, huku akiuona mkono wake katika kioo tu. Kwa muda wa siku tatu makosa yake yalizidi kupungua, ilhali kila siku hakukumbuka kwamba aliwahi kulifanya zoezi hilo.

Mwaka 1987, Mary Jo Nissen na Peter Bullemer waliwapima wagonjwa wa Korsakoff, maradhi ya kusahau yatokanayo na upungufu wa vitamini B1. Taa iliwaka katika mojawapo ya sehemu nne, na mgonjwa alibonyeza kitufe cha sehemu hiyo. Mfuatano wa hatua 10 ulirudiwa tena na tena. Vidole vya wagonjwa viliujifunza, vikaongeza kasi, ingawa wenyewe hawakutambua kwamba palikuwa na mfuatano wowote.

Sababu ni kwamba ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Matukio huhifadhiwa kwa msaada wa hipokampasi; mfuatano wa vitendo hutegemea zaidi viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo pamoja na ubongo mdogo. Kwa hiyo si kila mgonjwa atafaulu: katika ugonjwa wa Parkinson, kwa mfano, viini hivyo ndivyo vinavyoathirika. Lakini jibu la mdomo peke yake halitoshi kupima kile ambacho macho na mikono vinaweza kujifunza.

Mafunzo yenyewe hayahitaji mitambo. Nguo zipangwe kila asubuhi mahali palepale, kwa utaratibu uleule. Mhudumu akae kando ya mzee, atende hatua moja taratibu, kisha mzee aifuate. Maneno yawe machache. Mzee asiachwe abahatishe, kwani asiyekumbuka kosa lake hulirudia, na kosa lililorudiwa huwa mazoea.

Njia hii hudai subira kuliko kumvisha mtu kwa dakika mbili. Lakini mzee anayefunga vifungo vya shati lake mwenyewe hubaki na sehemu ya heshima yake. Baada ya kuuliza ni siku gani, basi, mhudumu aongeze ombi moja: “Hebu mzee, nionyeshe unavyovaa shati.”