Mbolea Ifike Marachi Kabla ya Mvua

Kwa mkulima wa Marachi, mbolea si anasa. Mashamba ya Butula na Bumala yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi yakawa vishamba, udongo umechoka, na kayongo huyanyonya mahindi kabla hayajabeba. Ndiyo sababu hatua ya serikali ya kupunguza bei ya gunia la kilo 50 kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500 mwaka wa 2022, kisha 2,500 mwaka wa 2023, ilistahili pongezi.

Hata hivyo, bei nafuu ni nusu tu ya safari. Mkulima alitakiwa kujiandikisha kwa chifu, kungoja ujumbe wa simu, kisha kuifuata mbolea kwenye ghala la Halmashauri ya Nafaka au kituo kilichoteuliwa. Mwenye nusu ekari hulazimika kukodi bodaboda kwa ajili ya gunia moja, na akikuta foleni ndefu huambiwa arudi kesho. Kila nauli huimega ruzuku aliyopewa. Mahindi nayo hayangoji: mvua ya Machi ikishapita, mbolea ya kupandia haimfai tena.

Busia yenyewe ina funzo katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wakulima wa huku. Waliwauzia vocha za mbolea mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, kwa bei ya kawaida ya soko, ila mbolea ililetwa bila malipo ya usafiri. Ongezeko la waliotumia mbolea lilikaribiana na lile lililopatikana bei ilipopunguzwa kwa nusu wakati wa kupanda. Ni dhahiri basi kwamba wakati na umbali vyaweza kuwa na uzito sawa na bei.

Wapo watakaodai kwamba serikali haina fedha za kuifikisha mbolea karibu na vijiji. Twawajibu kwamba gharama hiyo tayari inalipwa, tena na maskini, gunia moja moja. Lori moja likifika kwenye chama cha ushirika au soko la wadi litawaondolea mamia ya wakulima mzigo huo.

Ukaguzi nao usilegezwe. Mwaka wa 2024 ilibainika kwamba wakulima nchini walikuwa wameuziwa mbolea duni katika mpango huu huu. Wabunge walipiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kabla ya kamati teule kuamua kwamba madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Mkulima aliyepanda kwa mbolea duni hawezi kuurudisha msimu. Aidha, mahali ambapo mpaka wa Uganda u hatua chache tu, kama Malaba na mjini Busia, bei nafuu ni kishawishi kwa walanguzi.

Twaihimiza Wizara ya Kilimo na serikali ya kaunti zianze kuuza mbolea punde tu baada ya mavuno, zifungue vituo katika kila wadi, na zimsajili yule anayelima, hata kama hati ya shamba ina jina la mumewe. Ruzuku hupimwa kwa mavuno, wala si kwa matangazo.