Mugasha na Lewiathani

Wazee wa Buhaya, na wa Maruku miongoni mwao, walimwita Mugasha mwenye ziwa. Upepo ulipovuma na mawimbi kuinuka, walisema amekasirika. Mvuvi akampa sadaka kabla ya kwenda majini. Watoto wa shule wakisikia habari hizi hucheka. Lakini watoto hao hao wasomapo katika maandiko ya Waebrania habari za Lewiathani, yule mnyama wa kutisha wa baharini asiyevuliwa kwa ndoana, hawacheki hata kidogo. Kwa nini? Hofu ni ile ile, ya mtu mdogo mbele ya maji mengi.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Mugasha alipewa sadaka. Lewiathani hapewi kitu, maana Zaburi ya 104 yasema ameumbwa tu, acheze baharini. Basi mtoto aweza kuiacha sadaka asimdharau babu yake. Tena babu hakukosa kuliogopa ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu mamia. Hapakuwa na mnyama wa kutisha. Chombo kilijazwa kupita kiasi, kana kwamba ziwa si kitu.