Vumbi la China na Umri wa Ardhi

Mzazi mmoja ametuletea swali. Kijana wake amesoma kwamba ardhi ya kaskazini mwa China imejengeka kwa vumbi lililopeperushwa na upepo kwa zaidi ya miaka milioni 2, naye anauliza kama Muislamu anaruhusiwa kuyasadiki hayo. Tumeona afadhali tuanze na vumbi lenyewe, kwani mara nyingi hukumu hutangulia habari.

Katika nchi inayopitiwa na Mto Huang He, yaani Mto wa Njano, kuna nyanda za juu zilizofunikwa na udongo laini kama unga, uitwao loesi. Mahali pengi kina chake hupita mita 100. Ndio unaoupa mto ule rangi na jina. Watu huchimba nyumba ndani ya kingo zake, na katika Gansu na Ningxia wamo ndugu zetu Waislamu wa Kihui wanaoulima.

Kama sisi tunavyojua kaskazi na kusi, nchi ile nayo ina pepo mbili. Upepo wa majira ya baridi hutoka Siberia, mkavu, ukibeba vumbi la jangwani. Wa majira ya joto hutoka baharini pamoja na mvua. Zama ulipotawala ule mkavu, vumbi lilirundikana upesi likabaki na unjano wake. Mvua ziliposhamiri, vumbi lilipungua, majani yakaota na udongo ukaingia wekundu. Katika ukingo wa Luochuan, jimboni Shaanxi, matabaka hayo yanaonekana yakipokezana toka juu hadi chini.

Sasa tuje kwenye sumaku. Udongo upatapo joto na unyevu, huzaliwa ndani yake chembe ndogo mno za madini ya chuma, kama magnetaiti. Mtaalamu hulitia donge dogo katika kifaa chenye koili ya waya, akapima linavyoitikia nguvu hafifu ya sumaku. Tabaka jekundu huitikia mara kadhaa zaidi ya lile la njano. Basi vipimo hivyo, tabaka baada ya tabaka, vimekuwa daftari la mvua za kale.

Na umri je? Vumbi linapotua, chembe zake hujipanga kufuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo imepata kupinduka, kaskazini ikawa kusini. Mpinduko mkubwa wa mwisho ulitokea takribani miaka 780,000 iliyopita, kwa mujibu wa vipimo vya miamba ya volkeno. Mwaka 1982 Friedrich Heller na Liu Tungsheng walichapisha matokeo ya Luochuan: alama za mipinduko zimo humo, na kwa hizo ikajulikana kuwa vumbi la chini kabisa limepita miaka milioni 2.

Jibu letu ni kwamba kijana hana kosa. Qur'ani haikutaja idadi ya miaka ya ardhi, na hesabu za miaka elfu chache zinazosikika barazani si aya wala si Hadithi sahihi. Bali katika Suratul Baqara mabadiliko ya pepo yametajwa miongoni mwa ishara kwa watu wenye akili.

Hata hivyo hatupendezwi na wale ambao, wakisikia habari kama hii, hukimbilia kuibandika kwenye aya kana kwamba ilishuka kwa ajili yake. Elimu ya vipimo hurekebishwa kila siku, aya hairekebishwi. Tazameni Alaska. Huko nako kuna udongo wa upepo, lakini sumaku yake husomwa kinyume: upepo ulipokuwa mkali zaidi, katika zama za baridi, ndipo ulipobeba chembe nyingi nzito za chuma. Atakayekwenda Alaska na kanuni ya China ataiita baridi kuwa joto.