Tupa Iwe ya Panga, Kisu Kipewe Kinoo

Huenda ukauliza, mvulana wa kidato cha tatu ana shughuli gani na visu vya jikoni? Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni, na mambo ya nyumbani tunayaona.

Mama yangu ana kibanda cha mboga. Jioni wateja hutaka sukuma wiki iliyokatwa tayari, tena nyembamba. Muhula uliopita kisu chake kilikuwa butu. Akakikandamiza kwa nguvu, kikateleza, kikamkata kidole. Siku nne hakukata mboga, na wateja wakahamia kwa jirani.

Aliyekiharibu kisu ni mimi. Nilikinoa kwa tupa ya panga. Jamani, tupa ni ngumu kuliko kisu! Meno yake hula chuma kingi kwa mara moja na kuacha makali yenye mapengo. Kwa panga la kufyekea nyasi, sawa. Kwa kisu chembamba, huo si unoaji, ni ulaji.

Basi nikakipeleka kwa fundi apitaye na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka. Cheche ziliruka, watoto wakashangilia, nami pia nikashangilia. Kumbe joto lile ndilo adui: chuma kikipata moto hadi kigeuke rangi ya buluu, ugumu wake hupungua na makali hayadumu. Sisemi mafundi wote ni wabaya. Anayechovya kisu majini kila mara, mpe kazi. Wetu alikuwa na haraka.

Dukani nusura niuziwe kile kidude cha plastiki chenye mfereji wa kupitishia kisu. Ni rahisi kutumia, lakini nacho hukwangua chuma.

Kwa maoni yangu, kila nyumba inunue kinoo chenye nyuso mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Kimwagie maji. Laza kisu, inua mgongo wake kidogo, kama nyuzi 20, kisha sukuma bila kubadilisha mwinamo huo. Hapo ndipo wengi hushindwa. Mimi nilishindwa wiki nzima. Ukihisi kijikwaruzo upande wa pili wa makali, geuza. Malizia kwa uso laini, halafu jaribu kwa nyanya, si kwa kidole!

Pesa za kinoo zilitoka kwenye faida ya mboga. Sasa nanoa kila Jumamosi. Kidole cha mama kimepona, ila wateja wawili bado hawajarudi.